Kufuga kipepeo wa mchungwa darasani: mwongozo kamili kwa mwalimu wa madarasa ya chini

Kama eneo la shule yako lina mchungwa, mlimau au mndimu hata mmoja, tayari una mradi wa sayansi wa wiki sita. Gharama yake ni boksi, kipande cha neti ya pazia na chupa mbili tupu za maji. Nafundisha darasa la pili wilayani Muheza, Tanga, ambako karibu kila kaya ina mchungwa wake, na mradi huu nimeufanya mara nne. Mara ya kwanza viwavi wote walikufa kabla ya siku ya tatu. Kosa lilikuwa langu, nami nitalieleza hapa chini.

Tunayemtafuta ni yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, anayerukaruka juu ya michungwa asubuhi jua likishapanda. Jina lake la kitaalamu ni Papilio demodocus. Anapatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, hata kusini mwa Bara Arabu, na mabawa yake yakikunjuliwa yana upana wa kama sentimita 10 hadi 12. Siyo kipepeo adimu, na kwetu hilo ni jambo jema: ukiharibu leo, kesho utaokota wengine palepale.

Walimu wengi wakisikia mradi wa wanyama hufikiria kuku. Kuku ana raha yake, lakini katika siku 21 za kuatamia mtoto haoni kitu ila ganda, na kuku mwenyewe hataki kuchunguliwa na darasa zima. Viluwiluwi wa chura nao ni wazuri, ila maji yasipobadilishwa siku mbili tu, chumba kizima kinanuka. Kiwavi hufanya mambo yake yote hadharani: anakula, anakunya, anajivua ngozi, anakasirika. Kwa mtoto wa miaka saba hiyo ni sinema.

Kwanza angalia kalenda

Yai huanguliwa baada ya siku nne hadi sita hivi. Kiwavi hula kwa wiki tatu hadi nne. Pupa, yaani kiwavi aliyekwisha kugeuka ganda lisilotembea kabla ya kuwa kipepeo, hutulia kama wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Joto la pwani huharakisha; ukiwa kwenye baridi ya Lushoto au Limuru, ongeza siku. Kwa hiyo hesabu wiki sita kurudi nyuma kutoka siku ya kufunga shule, kisha toa wiki nyingine moja kwa ajili ya yale yasiyotarajiwa. Kiwavi hajui likizo. Mwaka mmoja nilichelewa kuanza, pupa zikanikuta siku ya kufunga, nikalazimika kuzipakia kwenye bodaboda hadi nyumbani huku nimekumbatia boksi kama mtoto mchanga. Watoto hawakuona kipepeo hata mmoja akitoka, na mwezi mzima walinidai.

Wakati mzuri ni wiki mbili tatu baada ya mvua kuanza, iwe vuli au masika, mchungwa unapotoa machipukizi. Kipepeo jike hupenda kutaga kwenye majani machanga, yale laini yanayong'aa. Wakati wa kiangazi unaweza kuzunguka mti mzima usione kitu.

Ukiwa huna wiki sita, usianze na mayai. Okota viwavi ambao tayari wana sentimita mbili, utakuwa umeokoa kama siku kumi.

Vifaa, na kosa la chandarua

Chukua boksi la katoni, lile la mafuta ya kupikia au la sabuni linatosha. Kata dirisha kubwa upande wa mbele na jingine juu, kisha funika madirisha hayo kwa kitambaa chenye matundu. Tandika gazeti chini. Ndani weka chupa ndogo yenye maji, uchomeke tawi la mchungwa, na uzibe mdomo wa chupa kwa pamba au karatasi iliyoviringwa ili kiwavi asishuke kwenye maji akafa. Usipoiziba atashuka, nakuhakikishia. Boksi likae kivulini, mbali na jua la dirishani, juu ya meza ambayo miguu yake minne imesimama ndani ya makopo yenye maji. Sisimizi wakigundua kuna nyama laini isiyokimbia, usiku mmoja unawatosha.

Sasa hicho kitambaa. Mimi nilitumia chandarua chakavu. Kilikuwepo nyumbani, kina matundu mazuri, hakigharimu kitu. Jioni ya siku ya kwanza viwavi walikuwa wanajinyonganyonga, siku ya pili wawili walikuwa wameanguka kwenye gazeti, na asubuhi ya siku ya tatu hakukuwa na aliye hai. Nikakaa nikijiuliza kama majani yalikuwa na sumu. Ndipo mwenzangu wa darasa la nne akaja, akashika ile neti, akaniuliza, "Mwalimu, hii si ile tuliyogawiwa kliniki?" Vyandarua tunavyogawiwa siku hizi vimetiwa dawa ya kuua wadudu tangu kiwandani, na dawa hiyo imetengenezwa idumu hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Nilikuwa nimewafungia wadudu ndani ya nyumba ya sumu. Kwa hiyo usitumie chandarua, hata kama kimechakaa na umekifua mara ngapi. Tumia neti ya pazia, shela ya zamani, au kipande cha mtandio mwepesi.

Vitu vingine ni vidogo: brashi ya kuchorea au unyoya wa kuku wa kuwahamishia viwavi wachanga, mkasi, uzi wa kushonea, gundi, na karatasi moja kubwa nyeupe ya manila. Kioo cha kukuzia kikiwepo ni heri. Kisipokuwepo, chupa ya plastiki angavu iliyojaa maji hukuza kitu ukikishika nyuma yake.

Kutafuta mayai na viwavi

Kabla hamjatoka darasani, nenda mwenyewe kwa mwenye mti ukaulize jambo moja: umepuliziwa dawa lini mara ya mwisho? Wakulima wa machungwa hupulizia, na jani lenye kiuatilifu litafanya kazi ileile iliyofanywa na chandarua changu. Mti usiowahi kupuliziwa kabisa ndio bora. Mara nyingi ni ule mlimau wa nyuma ya jiko.

Watoto watoke wawili wawili. Amri yangu ni moja, nao huiimba: "Mikono nyuma, macho mbele!" Mtoto akiona kitu anamwita mwenzake na mwalimu, hachumi. Mchungwa una miiba, na huko kwenye majani kuna maji moto pia, wale chungu wekundu wanaoshona viota kwa majani. Mti wenye maji moto uache.

Yai ni duara la njano hafifu, dogo kama kichwa cha pini, nalo hutagwa moja moja, siyo fungu. Mtu mzima mwenye miwani kama mimi huyapita kumi kabla ya kuliona moja. Watoto wao huyaona haraka sana.

Kiwavi mchanga ndiye mwenye kichekesho. Ni wa kahawia iliyoiva karibu na weusi, ana bakabaka nyeupe, analala juu ya jani peupe kabisa bila kujificha, na amefanana sawasawa na kinyesi cha ndege. Mwaka jana mtoto mmoja alisimama mbele ya tawi akasema kwa sauti, "Mwalimu, haya ni mavi tu." Wenzake wakacheka. Nikamwambia aendelee kuyatazama mavi yake hadi nitakaporudi. Sikuwa nimefika kwenye tawi la pili, ukelele ukapigwa: "Yanatembea!" Ni hapo somo la kujificha kwa wadudu lilipofundishwa, bila chaki. Ndege naye anadanganyika kama alivyodanganyika yule mtoto.

Kiwavi akikua, anajivua ngozi kwa mara ya nne na kutoka akiwa wa kijani, mnene, mwenye michirizi ya kahawia ubavuni. Sasa amefanana na jani. Wachukue wa saizi mbalimbali ukiwapata, lakini wasizidi sita kwa boksi moja. Kata jani au tawi aliloketi, usimng'oe. Miguu yake hung'ang'ania, ukimvuta utamchana.

Kuhusu viwavi wa kutogusa: kiwavi yeyote mwenye manyoya aachwe alipo. Jina lenyewe la kiwavi linahusiana na kuwawa, na mtoto aliyewahi kuangukiwa na mmoja shingoni hahitaji kuelezwa zaidi. Wa mchungwa hana manyoya wala hawashi. Na kama mtoto atakuletea kiwavi kutoka kwenye mahindi, mpongeze kwa macho yake makali, kisha mrudishe. Huyo huenda ni kiwavijeshi, mharibifu wa mazao, na hatutaki kumlea.

Usiwaambie mwisho wake

Nakuomba usichore ubaoni ule mduara wa yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Ukishauchora, mradi umekwisha siku ya kwanza, na kilichobaki ni watoto kungojea walichokwisha kuambiwa. Najua vitabu vyote vina huo mduara. Kifunge kitabu kwa wiki sita.

Badala yake, uliza: "Huyu akikua atakuwa nani?" Kila mtoto achore jibu lake kwenye robo ya karatasi, aandike jina lake, kisha kusanya zote ndani ya bahasha, uifunge kwa gundi mbele yao na kuitundika ukutani. Katika darasa langu la mwaka jana wengi walichora jongoo. Wapo waliochora nyoka, kadhaa walichora kiwavi yuleyule akiwa mkubwa kama mbwa. Waliochora kipepeo walikuwa wachache, na hao nao hawakuwa na uhakika. Mmoja alichora kipepeo na nyoka kwenye karatasi moja ili asikose vyote.

Kazi ya kila siku

Nina watoto 74. Darasa la namna hiyo haliwezi kuzunguka boksi moja kwa pamoja, kwa hiyo nimewagawa makundi matano: kundi la Jumatatu, la Jumanne, hadi la Ijumaa. Kundi la siku ndilo lenye boksi siku hiyo. Wikiendi boksi linakwenda nyumbani kwangu. Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza kazi ni hizi: kuhesabu viwavi, kubadilisha gazeti, kutazama kama majani yamenyauka, kupima, na kuandika sentensi moja ubaoni. Dakika ishirini zinatosha. Mwishoni wote wananawa mikono kwa sabuni.

Maji ya kunywa hayahitajiki, kiwavi hupata maji kwenye majani. Tawi libadilishwe kila siku mbili, na kiwavi akiwa mkubwa kila siku, maana wiki ya mwisho anakula kwa ulafi usio wa kawaida. Usimhamishe kwa vidole. Weka tawi jipya liguse la zamani, atavuka mwenyewe akisikia njaa. Boksi likianza kuwa na unyevunyevu au ukungu, umeweka majani mengi mno au kinyesi hakitolewi; hapo magonjwa huingia, na kiwavi mgonjwa hulegea, hugeuka mweusi na kunuka. Huyo mtoe haraka.

Kupima ndiko ninakokupenda. Rula kwa mtoto wa darasa la pili ni tabu, na kiwavi hakai sawa na sifuri. Tunatumia uzi. Asubuhi kiwavi huwa ametulia juu ya jani. Mtoto mmoja analaza uzi kando yake bila kumgusa, mwingine anabana kidole pale mwili unapoishia, wa tatu anakata. Kipande hicho kinabandikwa kwenye manila kikiwa kimesimama wima juu ya tarehe ya siku hiyo. Kesho kingine pembeni yake. Baada ya wiki mbili una nyuzi zilizopangwa kama ngazi, na hiyo ni grafu, ingawa neno hilo hujalitaja. Uzi wetu wa kwanza ulikuwa mfupi hata gundi iliumeza. Wa mwisho ulifika karibu sentimita nne na nusu. Ndipo nikatoa rula, wakapima nyuzi zao, wakatoa mdogo kwenye mkubwa. Kuhesabu kwote kwa wiki hiyo kulitoka kwenye manila hiyo.

Kutakuwa na siku ambayo uzi haukui. Kiwavi ameganda, hali, hata kichwa hakitikisi. Watoto watakuambia anaumwa. Anajiandaa kujivua ngozi, basi. Asisumbuliwe siku hiyo na jani lake lisibadilishwe. Mkirudi mtakuta ngozi imejikunja kama soksi nyuma yake, au msiikute kabisa kwa kuwa ameshaila.

Siku moja, na siku moja tu, mguse kiwavi mkubwa taratibu mgongoni kwa unyoya wa kuku. Nyuma ya kichwa kitachomoza kitu chenye ncha mbili kama ulimi wa nyoka, chenye rangi ya machungwa hadi wekundu, na harufu kali ya ndimu iliyooza itajaa puani. Darasa litarudi nyuma kwa kishindo. Siyo mdomo wala mwiba, haidhuru mtu. Ni silaha ya kuwafukuza sisimizi na wadudu wengine wanaomvizia. Kila mtoto atataka aguse naye, na hapo unyoya uufiche, kwa sababu kiwavi anayesumbuliwa mara kwa mara hupoteza nguvu na muda wa kula.

Miguu nayo ina somo lake. Waache wahesabu bila kuwasaidia. Watapata jozi nane, yaani miguu 16, kisha atatokea mmoja akukumbushe kwamba ulifundisha mdudu ana miguu sita. Mshukuru. Waonyeshe kwamba jozi tatu za mbele, karibu na kichwa, zina ncha kali na zimeungwa kwa viungo; hizo ndizo miguu hasa. Jozi tano za nyuma ni vikonyo vinene vya kushikia jani. Kipepeo akitoka watahesabu tena, na vile vikonyo havitakuwepo.

Jaribio moja rahisi la kufanya wiki ya pili: weka kiwavi mmoja katikati ya jani la mlimau na jani la mwembe, na wabashiri atakula lipi. Saa mbili zinatosha kuona jani gani limeng'atwa pembeni. Jani la mwembe halitaguswa. Ukiwa na nafasi, jaribu pia mchenza au mbalungi, hizo atazila maana ni ukoo mmoja na mchungwa. Usimwache na jani la mwembe peke yake usiku kucha ili kuthibitisha. Atakufa njaa akiwa amekaa juu ya chakula cha mwingine.

Kiwavi anapotoweka

Siku moja kiwavi wa kijani ataacha kula, atatoa kinyesi cha majimaji kisichofanana na zile punje kavu za kila siku, na ataanza kutembea boksi zima kama aliyepoteza funguo. Watoto watasema anaharisha. Anasafisha tumbo na kutafuta mahali. Weka ndani vijiti kadhaa vilivyosimama, vingine vibichi vyenye majani, vingine vikavu.

Akipata mahali hubandika mkia wake kwenye kijiti, kisha hujifunga uzi wa hariri kuzunguka mgongo, kama mkwezi wa mnazi anayejifunga kamba kiunoni. Hukaa hivyo kama siku nzima. Halafu ngozi inapasuka, na ndani yake hakuna kiwavi tena, kuna pupa. Tendo hilo huchukua dakika chache. Katika mara zangu nne nimelishuhudia mara moja tu, wakati wa kipindi cha kusoma, na tuliacha kusoma.

Pupa za kipepeo huyu huwa za kijani au za kahawia. Mara nyingi wa kwenye kijiti kibichi hutoka kijani na wa kwenye kijiti kikavu hutoka kahawia, lakini siyo sheria, na ni vizuri watoto waone kwamba siyo sheria. Waandike tu walichokiona.

Pupa ikianguka, usiitupe. Viringisha karatasi iwe koni, kama ile ya kufungia karanga, iingize humo kichwa kikiangalia juu, na ubandike koni hiyo ukutani mwa boksi. Mbili nilizoziokoa hivyo zote zilitoka salama.

Wiki hizi mbili ni ngumu kwa mwalimu. Hakuna cha kulisha, hakuna cha kupima, na watoto wameanza kusahau. Mimi hutumia muda huu kwa kuandika na kusoma: kila kundi hukusanya zile sentensi zake za kila siku, kuzinakili kwenye karatasi safi na kuzishona kitabu. "Leo amekula majani mawili." "Leo ananuka." "Leo hayupo." Ni kitabu cha kusoma ambacho hakuna mtoto anayekwama, kwa kuwa kila neno analijua lilikotoka.

Asubuhi ya kutoka

Pupa ikibakiza siku moja hugeuka nyeusi, na ukisogeza jicho utaona njano ya mabawa kupitia ganda. Siku hiyo fika shuleni mapema, maana wengi hutoka asubuhi. Anayetoka hafanani na kipepeo: tumbo nene, mabawa madogo yaliyokunjamana kama nguo iliyotolewa kwenye ndoo. Lazima apande juu na kuning'inia ili mabawa yajae na kunyooka, na hapo ndipo neti iliyobandikwa ukutani mwa boksi inaposaidia. Akiteleza kwenye katoni laini akaanguka, mabawa hukauka yakiwa yamepinda na hataruka maisha yake yote. Usimsaidie kutoka kwenye ganda, wala kumshika. Baada ya robo saa hivi mabawa yamenyooka, ila bado ni mororo. Mwache saa mbili yakauke. Atadondosha matone ya majimaji. Waambie watoto mapema kwamba siyo damu.

Hapo ndipo bahasha inashushwa na kufunguliwa. Usiwacheke waliochora jongoo. Waulize walichokuwa wanakitazama walipochora. Jongoo ana mwili mrefu, miguu mingi, anatembea polepole; lilikuwa jibu la mtu aliyetazama vizuri.

Mpelekeni nje kwenye mti wenye kivuli na maua karibu, asubuhi isiyo na mvua. Mvua ikinyesha siku nzima unaweza kumweka hadi kesho, ukimpa pamba iliyoloweshwa maji ya sukari, kijiko kimoja cha sukari kwa vijiko kumi vya maji. Asiyetaka kuruka hutambaa kwenye kidole cha mtoto kabla ya kuondoka, na mtoto huyo hatanawa mkono siku hiyo labda umlazimishe. Vumbi litakalobaki kidoleni ni magamba madogo madogo yanayobeba rangi za mabawa.

Wasiotoka, na wazazi watakaouliza

Siyo kila pupa itakuwa kipepeo. Nyingine hutoboka tundu dogo la duara na kutoa nyigu wadogo, au hutokwa na funza wanaogeuka nzi. Mama zao walitaga ndani ya yai au kiwavi kabla hujamwokota. Mwalimu mmoja aliniambia huzitupa usiku ili watoto wasihuzunike. Mimi naona ni kuwanyima. Niliwaonyesha, wawili walilia, kisha maswali yakaanza: nyigu aliingiaje? Alikuwa anakula nini humo? Kiwavi alijua? Lile la tatu sikulijibu. Ukitaka kupunguza balaa hilo, anza na mayai au viwavi wachanga kabisa, maana aliyekaa mtini muda mrefu amekutana na maadui wengi zaidi.

Huku kwetu wapo wazazi wanaouliza, tena kwa haki, kwa nini shule inafuga mdudu anayekula michungwa. Babu mmoja mwenye shamba alikuja kuniamkia kwa upole kisha akaniuliza kama mshahara wangu unalipwa na viwavi. Jibu langu ni la kweli: mchungwa mkubwa haushtuki kwa viwavi sita, wanaoumia ni miche ya kitaluni, ambayo kiwavi mmoja anaweza kuimaliza majani. Kwa hiyo hatuachii vipepeo karibu na kitalu cha mtu. Huwa naongeza kwamba hapahapa wilayani kwetu, Amani kwenye Milima ya Usambara Mashariki, wanakijiji walifuga vipepeo na kuuza pupa nje hadi usafirishaji wa wanyama hai ulipositishwa mwaka 2016, na kwamba Gede, Kenya, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakiuza pupa kupitia mradi wa Kipepeo tangu 1993. Babu alisikiliza, akataka kujua bei.

Kufunga mradi

Maganda ya pupa na ngozi zilizovuliwa yabandike kwenye manila chini ya zile nyuzi; yakikaa pakavu yanadumu hadi mwaka unaofuata. Neti ifue kwa sabuni ya kawaida na kuianika juani siku nzima. Chupa ioshe kwa maji ya moto. Boksi lenyewe lichome moto hata kama bado zima, kwa sababu magonjwa ya viwavi hubaki kwenye katoni, na mwaka ujao utaanza na boksi lenye ugonjwa bila kujua. Mafuta ya kupikia yataendelea kuuzwa. Dukani watakupa jingine.